Mto Niliomchagulia Gratien

Polisi waliingia kwenye kilio cha baba yangu kabla chai haijachemka.

Sitanii.

Ilikuwa July 2021, Guildford, hapa Sydney. Lockdown ile kali ya huku west. Mgeni haruhusiwi nyumbani kwako. Usiku simu ikalia kutoka Bukavu: mzee ametutoka.

Sasa wewe mwambie Mkongomani asije kulia. Jaribu uone.

Asubuhi sebule imejaa. Wamama kwenye mikeka, masufuria ya sombe la majani ya muhogo, nyimbo, watu mpaka kwenye ngazi.

Ngo ngo ngo.

Askari wawili, mask usoni. "Everyone out, please."

Wamama wakatoka na masufuria yao, wengine viatu mkononi. Mama akabaki peke yake kwenye mkeka, analilia mume wake, anayemjibu ni fridge.

Nani alipiga simu?

Nilimwona. Gratien. Mkubwa kwangu, anatunza wazee kwenye aged care, anaimba solo kwenye kwaya, mama anampenda kama aliyemzaa. Alitoka nje, akasimama karibu na mapipa ya taka, simu sikioni. Kidogo tu, polisi hao.

Nikasambaza. Community yote ikajua. Wakamtoa kwenye group ya kwaya. Wakaacha kumsalimia.

Yeye? Hakukataa hata mara moja.

Mimi sikushiba. Niliacha shule Year 10, nikaingia warehouse pale Smithfield. Vitabu sivijui. Hasira naijua.

November wakatufungulia tutoke Sydney. Nikampigia.

"Grand, kaka yangu, twende north tukavue samaki. Yaishe."

"Kweli, petit, mdogo wangu?"

"Kweli kabisa."

Watu huchagua ziwa kwa samaki. Mimi nilichagua kwa network.

Wiki nzima niko kwenye ramani na YouTube. Ziwa St Clair: karibu mno, familia na watoto wao. Hapana. Glenbawn: samaki wa bass wapo, maji baridi matamu, lakini kuna campsite, atapata lifti. Hapana. Copeton: mbali vizuri, samaki wakubwa, lakini wazungu na boti zao hawakosekani. Hapana.

Halafu nikapata mto. Unapita Tamworth, unazunguka nyuma ya milima, unafika mwisho wa barabara ya vumbi. Jamaa mmoja kwenye comments aliandika kwamba ni pazuri, ila simu huko ni ya kupigia picha tu.

Nikasema, huo huo.

Tulitoka alfajiri na Corolla yangu. Gratien njia nzima anaimba, amefunga mandazi, mtu amefurahi kama anaenda harusini. Hiyo ikanichoma zaidi.

Mtoni maji ya kahawia, miti imeinama, kimya cha kuwasha masikio. Tukaweka uduvi kwenye ndoana. Hata hatujakaa vizuri, fimbo yake ya kuvulia ikapinda.

"Petit! Petit, ananivuta huyu!"

Akatoa yellowbelly, samaki wa tumbo la njano, mnene hatari.

"Kichwa ni cha mama," akasema anacheka. "Unajua anavyopenda kichwa."

Damu ikanipanda. Umemfukuzia watu kwenye kilio, leo unamgawia kichwa?

"Nafuata barafu," nikasema.

Nikawasha gari. Kwenye kioo nilimwona ananipungia, samaki mkono mwingine.

Nilipofika juu ya kilima network ikarudi. Nikampigia mama, nataka nijisifu.

"Mama, nimekulipizia. Gratien nimemtupa porini. Akalie huko peke yake, aone ilivyo."

"Mirindi." Sauti yake ndogo. "Mimi ndiye nilimtuma apige."

"Nini?"

"Bibi yako alikuwa chumba cha nyuma na mashine yake ya oksijeni. Mama Chibalonza wa kanisani anakohoa pale mlangoni, mask kwenye kidevu. Ningefanyaje? Mwenye kilio hafukuzi watu. Nikamnong'oneza Gratien, waite polisi wanitolee. Nikamwapisha asiseme." Akaanza kulia. "Rudi umchukue mtoto wa watu."

Nikageuza.

Gratien amekaa kwenye jiwe, anapaa samaki magamba.

"Barafu iko wapi?"

"Mama ameniambia."

Kisu kikasimama. "Kumbe ulikuwa unaniacha?"

"Ndiyo."

Akaosha mikono polepole. "Leta key, maji ya kunywa yako kwenye boot."

Nikampa. Akaingia, akawasha, akaondoka. Hakupunga mkono.

Nilipanda kile kilima kwa miguu, samaki begani, jua la utosi, nzi wanaingia mdomoni kama wamelipia. Nilimtukana kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Nikamkuta juu amekaa kwenye boneti, anamalizia mandazi.

"Sasa tuko sawa, petit."

"Mbona hukujitetea? Wamekuita msaliti!"

"Mimi watanisahau. Mwanamke aliyeitia polisi kilio cha mume wake, huyo hawamsahau. Siku akifa hawataenda kumzika."

Nikaweka samaki kwenye boot, tukarudi Sydney.

Kanisa lilipofunguliwa kwa watu wote, Gratien akaingia. Mama Chibalonza akasogeza kiti chake mbali naye.

"Yuda naye amekuja kusali?"

Wenzake wakacheka. Mama yangu akainamisha kichwa.

Nikasimama.

"Yuda ni mimi. Mimi ndiye nilipiga simu. Nilimsingizia Gratien."

Kanisa zima, pyuu, wakanigeukia.

"Mtoto wa marehemu?" Mama Chibalonza akashika kifua.

"Ndiyo. Na mkirudi kujaa na kikohozi chenu mahali bibi yangu anapumua kwa mashine, nitapiga tena. Namba ninayo."

Wengine mpaka leo hawanisalimii. Wasinisalimie. Wakinipita Guildford Station nawaangalia machoni mpaka wao ndio wanainamisha macho. Raha tupu.

Gratien amerudi kwenye solo yake. Bibi yuko hai, anagombana na remote. Mama ndiye aliniambia, "Andika, nimechoka kubeba hii siri," majina nikabadili yote.

Wewe unayesoma na una mtu wako kichwani, sikuambii umsamehe. Mimi mwenyewe siwezi hiyo kazi.

Ila ukimchagulia mtu pa kumtupa, chagua mahali ambapo barabara ya kurudi inapitika.