Saa Zake Hazikuwa za Kampuni

Juzi tulimzika mhasibu mmoja wa mji wetu huu wa Laurel, hapa Marekani, mtu wa Unguja, ambaye wengi wenu mlimjua msikitini kwa sababu hakukosa msiba hata mmoja. Siku za kazi alitengeneza hesabu za kampuni. Jumamosi aliosha maiti wetu bila kungoja hata ahsante. Nimehuzunika, ndiyo, lakini sitaficha kwamba hasira imezidi huzuni.

Kampuni yake ni tawi la kampuni ya ng'ambo, ambako sheria inazilazimisha kampuni kubwa kutumia sehemu ya faida kwa ajili ya jamii na kuionyesha kwenye taarifa ya fedha. Mwaka mmoja ofisi ilisambaza fomu ikiuliza wafanyakazi wanaisaidiaje jamii. Wenzake Wamarekani hawakuigusa. Yeye, kwa adabu zetu za kumjibu kila anayetuuliza, akaijaza yote: saa ngapi, wapi, kazi gani. Baadaye rasimu ya taarifa ikafika mezani kwake aihakiki, akakuta saa zile zimetiwa thamani ya fedha na kuandikwa kuwa mchango wa kampuni. Alinipigia simu. "Bwana we, wameni-count! Maiti naosha mimi, wao wana-claim kwenye report!" Nikacheka, Mungu anisamehe. "Si karatasi tu, kaka?" Akanijibu, "Karatasi hiyo inasema wametoa wao. Thawabu yangu wameitia kwenye vitabu vyao." Aliufuta mstari ule, bosi akaurudisha. Alipokataa kuitia saini taarifa hiyo, akaondolewa kwenye kazi ya taarifa. Akaniomba nimwandikie jambo hilo hapa kwenye safu yangu, nami nikamwambia wasomaji wangu hawapendi mambo ya hesabu.

Sheria yenyewe siichukii. Bila hiyo wapo ambao wasingetoa hata penseli. Kinachoniudhi ni kwamba kampuni ikishadaiwa tarakimu, haitafuti tena mtu wa kumsaidia, inatafuta msaada uliokwisha kutolewa na wengine. Mkaguzi naye anaangalia kama jumla imetimia, basi, anaenda zake. Baada ya mazishi niliiona taarifa ile kwenye tovuti yao, mstari umo vilevile. Nikawaandikia waufute. Wamenijibu, kwa heshima zote, kwamba ombi hilo lazima litoke kwa mfanyakazi mwenyewe. Basi nanyi, mtu akiwaomba mmsemee, msemeeni angali anaweza kutia saini.