Nilivyopigwa Dame na Jirani Yetu

Juzi binti yangu aliitupa simu kitandani akaapa hataigusa tena. Ameanza mchezo mmoja wa kushindana na watu asiowajua, mmoja yuko Goma, mwingine sijui Ulaya, na siku hiyo walikuwa wamempiga mara saba mfululizo. Nikamwambia apumzike kidogo. Akanijibu, "Mama, weye hauyue kitu." Siku hizi nimechoka kubishana, kwa hiyo nilienda zangu jikoni, nikakaa, nikacheka peke yangu. Eti mimi sijui kupigwa! Kaa hapa, rafiki yangu, nikuambie.

Nilikuwa na miaka kumi pale Likasi, mji wa machimbo ya shaba, katika mtaa wa wafanyakazi, miaka ile ya tisini ambapo kila kitu kilikuwa kinalegea. King'ora cha kiwanda kiliendelea kulia asubuhi, lakini wanaume waliotoka na baiskeli walipungua kila wiki. Kwanza mshahara wa papa, baba yangu, ulichelewa, halafu ukapotea, halafu na kazi yenyewe ikaisha. Bado alivaa shati lake la kazi, limepigwa pasi, akakaa nje kutazama barabara. Bukari, ugali wetu, tulikula mara moja kwa siku, saa kumi, na sombe ya majani ya muhogo isiyo na mafuta. Mama alitoka alfajiri kwenda sokoni, akarudi jioni amebeba karibu vyote alivyokwenda navyo. Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa anashinda kitu chochote. Nadhani ndiyo maana nilitamani sana, hata mara moja tu, niingie mlangoni niseme: leo nimeshinda.

Aliyekuwa akinipiga ni jirani yetu wa ukuta mmoja. Alikuwa mzee mwembamba, karani wa ghala aliyebaki bila ghala. Yeye alizaliwa Likasi, ila baba yake aliletwa kutoka jimbo la Kasai kuja kuchimba shaba. Kila mchana aliweka mbele ya mlango wake ubao wa dame, yaani drafti, aliouchonga kutoka mlango wa kabati, na vizibo vya chupa za bia. Vizibo vyake vilitazama juu, vyako vililala kifudifudi. Wanaume wa mtaa walishamkimbia, maana hakuna anayependa kupigwa na mtu yule yule kila siku. Nikabaki mimi.

Alinipiga, wewe! Alinipiga kwenye kiangazi na kwenye mvua. Nililia, nikaiba kizibo, nikatubu, siku moja nikapindua ubao mzima. Hakunigombeza. Aliokota vizibo vyake kimoja kimoja kwenye vumbi, akapanga upya. Alichokataa kabisa ni mchezo wa nne.

"Mara tatu inatosha, mama," alisema. Kwetu mtoto wa kike huitwa mama hata kama kamasi bado zinamtoka. "Ya ine haiko dame tena. Ya ine ni hasira njo inacheza."

Na hukuruhusiwa kuondoka hivi hivi. Ilikuwa lazima urudishe vizibo nyuma, hatua kwa hatua, mpaka umwonyeshe ulipopotelea. "Onyesha fasi ulikufia," alisema. Mwanzoni nilionyesha mahali pa uongo ili niende zangu, naye alitikisa kichwa tu, nikarudia. Nikishapaonyesha, alinituma kwa mkewe nikatwange sombe. Nilitwanga kwa ghadhabu, kila jani nikiliona ni yeye. Mkewe alisema tangu aolewe hajapata sombe laini kama ile, na kwamba ningekuwa mtu wa kushinda, wangekula majani magumu.

Haba na haba hujaza kibaba, wanasema, lakini hakuna anayekuambia kibaba chenyewe kinavyochosha. Miezi ilipita. Mwanzoni nilikuwa nakufa mapema, vizibo bado vimejaa ubao. Baadaye nikaanza kufa nimechelewa. Mchana mmoja tulibakia yeye na vitatu, mimi na kimoja, akanitazama juu ya miwani yake akasema, "Leo ulikufia mbali." Hiyo tu. Nilikwenda nyumbani mbio, kisha nikakumbuka kwamba bado nimeshindwa, nikaingia polepole.

Nikuambie sheria moja, maana utaihitaji. Katika dame, ukiweza kula kizibo cha mwenzako ni lazima ule. Usipokula, kwa kutoona au kwa makusudi, mwenzako anasema "sufle," anakipuliza kizibo chako kilichopaswa kula, pfuu, na kukitoa ubaoni. Mzee alinipuliza vizibo vingi sana mwaka ule. Harufu ya tumbaku ya pumzi yake ninayo bado puani.

Kisha ikaja ile habari ya kwamba watu wenye asili ya Kasai warudi kwao. Kwao wapi? Mzee hakuwahi kuiona Kasai hata siku moja. Vijana walipita na nyimbo, milango ikapigwa mawe, na asubuhi moja nyumba ya ukuta mmoja ilikuwa kimya. Wiki haijaisha, watu wengine wakawa wanapika ndani yake. Papa alituambia tusiulize. Alisema akitazama chini, na sikumsamehe haraka.

Mzee na mkewe walikuwa wamekimbilia stesheni pamoja na maelfu ya watu, wakingoja treni isiyojulikana itakuja lini. Mama alinifungia bukari katika kitambaa akanituma bila papa kujua. Nilimkuta mzee kando ya reli, chini ya turubai lililofungwa kwenye masanduku. Mkewe alikuwa amelala, ana homa. Mzee mwenyewe macho yalikuwa mekundu, na ndevu, ambazo sikuwahi kuziona, zilikuwa zimeota nyeupe. Alipokea chakula, akakiweka kando ya mkewe. Halafu akavuta ubao kutoka chini ya godoro.

Tulicheza kati ya makelele ya watoto na moshi wa mkaa. Katikati ya mchezo alisukuma kizibo ambacho hakupaswa kukisukuma, nikaona. Ee, niliona! Vitatu vyake vilikaa na nafasi katikati, moja kwa moja mpaka mstari wa mwisho. Kula, kula, kula, na kuingia dame, kizibo changu kiwe mfalme. Ushindi wangu wa kwanza ulikuwa pale, mbele yangu, ukiningoja.

Nikamtazama mkewe. Nikatazama masanduku. Nikasogeza kizibo kingine, cha pembeni.

Mzee akainama, akapuliza.

"Sufle."

Baada ya hapo alinimaliza kwa hatua chache. Nilidhani tumekwisha, lakini akaanza kurudisha vizibo nyuma mwenyewe, mpaka pale. Akaweka kidole.

"Hapa haukukufa," akasema. "Hapa ulijiua. Uliona?"

Nikasema sikuona.

"Uliona. Minye niko muzima bado, mama, macho yangu inaona. Nani alikuambia unihurumie?"

Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali apaze. Alikusanya vizibo, akanipa kitambaa cha mama, akaniambia niende, jua ni kali. Siku ya tatu nilirudi, nimejiandaa kumwomba mchezo mwingine, wa kweli, na kumpiga kama ningeweza. Chini ya turubai lile palikuwa na familia nyingine. Treni ilikuwa imeondoka usiku.

Nimepoteza mengi tangu hapo: kazi mbili, mume, nyumba ya mtaa wa Kakontwe, na papa aliyefariki akingoja barua ya kiwanda. Hayo nayaweza. Nakaa, nayarudisha nyuma taratibu, naona nilipofia, nasimama. Mtaa wetu nao haupo tena kama ulivyokuwa, na wanaokaa mle hawajui nani alicheza mbele ya mlango gani. Ila mchezo ule wa stesheni haujaniachia. Wengine walimnyang'anya mzee yule nyumba, na kazi, na mji wake wa kuzaliwa. Alibakiwa na kitu kimoja, kukaa mbele ya mtu na kupigana naye sawasawa. Hicho nilimnyang'anya mimi, tena nikidhani nampa zawadi.