Mistari Miwili Mitupu

Mwaka ule wa korona, msimamizi alituamuru tuache mistari miwili mitupu ya majani chai kati ya mchumaji na mwenzake. Tulikuwa marafiki watatu, na tulizoea kuchuma bega kwa bega tukinong'onezana habari za majirani. Nikaapa kwamba barakoa nitavaa na mikono nitanawa, lakini porojo zetu haziendi karantini.

Basi tukawa tunapaza sauti. Asubuhi ya kwanza niliwasimulia kuhusu mursik aliyoniletea jirani yangu, yale maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa.

"Hata paka alikataa," nikasema. Wenzangu wakacheka mpaka barakoa zikashuka kidevuni.

"Kwani huyo paka wako hunywa nini?" sauti ikauliza kutoka chini ya mteremko.

Alikuwa jirani mwenyewe, naye akichuma chai. Kwa ile barakoa na kofia, hakuna aliyekuwa amemtambua. Wenzangu wakainama ghafla, wakachuma kwa bidii ambayo msimamizi hakuwahi kuiona kwao.

Ningeweza kunyamaza kama wao, lakini nilikuwa nimeapa.

"Hunywa maziwa mabichi, mama," nikamjibu. "Na kile kibuyu hukukisugua kwa mkaa vizuri."

"Mkaa ulikuwa umenyeshewa," akasema. "Si ungeniambia siku ileile?"

Miaka kumi tulikuwa tumepakana ua, tukisalimiana kila asubuhi. Neno langu la kwanza la kweli kwake nililisema nikiwa mbali naye mistari minane.