Kanga Iliyonukia Udi

Mwenzangu wa ofisini amekuja na nguo zilizofukizwa udi, na harufu yake imenirudisha katika jumba la makumbusho la hapahapa Dubai, nikiwa mtoto. Shangazi alikuwa ametuleta, mimi na wanawe, tujifunze jinsi watu wa zamani walivyozamia lulu. Mama, aliyekuwa yaya huku, aliruhusiwa kuja kuniona kwa sharti aje na mtoto wa madamu aliyemwajiri.

Alimleta mgongoni, kwa kanga ileile iliyonibeba mimi.

"Mama, nasinzia," mtoto yule alisema, kwa Kiswahili chetu safi.

Wenzangu walitazama lulu. Mimi nilitazama vile viatu vidogo vikining'inia kiunoni mwa mama.

"Nibebe na mimi."

"Umeshakuwa mkubwa, mwanangu. Utaburuza miguu, watu watucheke."

"Amenuna huyo," shangazi alisema. "Mdomo huo hata kanga inaanikika."

Mama alicheka, kisha akamtua mtoto na kunipa kanga nirudi nayo nyumbani. Nilizamisha uso ndani yake, nikavuta pumzi nikimtafuta mama. Ilinukia udi na jasho la mtoto wa watu.