Pickup ilichemka njiani kwenda mazishini, na abiria alikuwa mama mkwe

Wakuu, salamu kutoka Migori. Hii ni story ya miaka ya tisini na ni ya kweli. Sijatia chumvi, haikuhitaji.

Nilikuwa na pickup kuukuu ya kubeba mahindi kutoka Uriri hadi Awendo. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja. Ikisimama, geji ya joto inashuka. Ukikanyaga mafuta mlimani, inachemka.

Fundi wangu alisafisha rejeta. Akabadilisha kifuniko na fan belt. Mwishowe aling'oa thermostat, ile valvu ya maji ya injini, akasema hiyo ni kitu ya nchi za baridi. Kila akimaliza anawasha injini, inanguruma polepole hapo garage, anasema iko sawa.

Na kweli ilikuwa sawa, hapo garage.

Basi kaka ya mama mkwe akafariki, boma yake ni nje kidogo ya Homa Bay. Mazishi ni Ijumaa. Marehemu alikuwa Msabato, so jua likizama Sabato imeingia na hakuna jembe itaguswa. Kwao walizaliwa wawili tu. Mama alitaka kuona uso wake mara ya mwisho, na gari iliyopatikana ni yangu.

Kwa wale si Wajaluo: mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Huli mbele yake, humwangalii machoni, humtumi kitu. Sasa huyo ndiye niko naye cabin moja, kikapu chake katikati yetu, mimi nimevaa koti ya suti.

Tulipopita Rongo geji ikapanda. Nikafungulia heater yote, ile mbinu ya kutoa moto kwa injini. Vumbi ya murram ilikuwa mbaya, madirisha tumefunga. Kuvua koti mbele ya mama mkwe? Wapi.

Nililoa jasho mpaka soksi. Yeye alijipepea na leso.

Haikusaidia. Tukawa tunasimama, nangoja ipoe, naongeza maji, tunaenda kidogo, inachemka tena. Nikiwa ndani nakanyaga mafuta, sioni kwa bonet. Nikiwa kwa bonet, injini imetulia na kila kitu iko sawa. Nilihitaji mtu wa pili aangalie mimi nikikanyaga.

Mtu wa pili alikuwepo. Lakini huyo hatumwi.

Jua likaanza kuelekea ziwani. Nilijua ni mimi nitamnyima kumwona kaka yake. Mama akashuka mwenyewe.

"Baba Akinyi," akasema, "unatafuta nini huko ndani?"

Nikamweleza nikiangalia viatu vyangu. Akaja akasimama mbele ya bonet na nguo yake ya matanga, akaniambia nirudi ndani. Nikakanyaga.

"Huu mpira wa chini unajibana," akasema. "Umekuwa bapa kabisa."

Wakuu, nilitaka kulia. Lower hose! Ile spring ya ndani, ya kuizuia isijibane, ilikuwa imeoza kwa kutu zamani. Injini ikivuta maji kwa nguvu, hose inajikunja na maji hayapiti. Ukiachilia mafuta inarudi kawaida, ndio maana fundi hakuwahi kuiona.

Ilipopoa nilifungua waya iliyokuwa inafunga mlango wa nyuma, nikaizungusha kwa mpini wa wheel spanner ikawa spring, nikachomoa hose, nikaisukuma ndani yake. Maji tukapewa boma ya karibu. Geji ikakaa katikati mpaka tukafika.

Tulikuta kamba ziko tayari chini ya jeneza. Pastor akaangalia jua, akamwangalia mama, akasema wafungue jeneza.

Mama akainama. Alimwangalia kaka yake, halafu akamwambia, sisi wote tukisikia:

"Nimechelewa kwa sababu mkwe wangu ananiheshimu sana."

Hapo ndipo alilia.

Nilichojifunza: gari ikichemka ukikanyaga na kupoa ukisimama, kabla hujang'oa kitu chochote, mtu mmoja akanyage mafuta na mwingine aangalie hose ya chini. Yeyote aliye karibu anatosha. Mwombe.

Wenye pickup za zamani, hii imewahi kuwapata? Na nyinyi mlio na mama wakwe wakali, semeni ukweli, mngemwambia ashuke?