Sinia la Fakihi

Enzi za Mwingereza, pale Mtama, mnyama akiteguka mgongo, Fakihi ndiye aliyeitwa. Hakuwa na dawa wala kifaa. Alipapasa uti wa mgongo pingili baada ya pingili, amefumba macho, mpaka vidole vikapata penye kasoro, kisha akakandamiza. Mbuzi waliokuwa wakiburura miguu waliinuka wakaenda zao.

Kosa lake lilikuwa moja tu, kama ni kosa. Alimkanda mbwa wa Kornelio, mwindaji, aliyepigwa kikumbo na ngiri. Tangu siku hiyo, kwenye kila karamu, Fakihi alipakuliwa sahani yake mwenyewe, akakalishwa kando karibu na majungu. Miaka sita! Mkewe alikwisha kufa, kwa hiyo nyumbani nako alikula peke yake. Asikudanganye mtu kwamba hayo huzoeleka. Yalimuuma kila alipoona mikono minne ikikutana kwenye sinia moja.

Ndipo punda wa Mwalimu Nassibu, msomeshaji wa Kurani, alipoanguka kando ya kisima akiwa amebeba maji mgongoni, akashindwa kuinuka. Nassibu ndiye aliyeanzisha ile sahani ya kando, lakini shida haina haya, akaja mwenyewe. Fakihi alimkanda punda siku tatu. Ya nne punda akasimama.

Nassibu alipotaja ujira, Fakihi alitikisa kichwa.

"Mwalimu, mimi nataka kula na wenzangu tu."

"Njoo kwenye maulidi," Nassibu alimwambia. "Utakaa sinia moja na mimi."

Siku ya maulidi Fakihi alinawa mikono mara saba, moja kwa udongo, kama Nassibu mwenyewe alivyofundisha chuoni kwa aliyegusa mbwa. Akavaa kanzu ya harusi yake. Na kweli Nassibu aliketi kuliani kwake, wazee wawili wakakaa mbele yao. Pilau ikaletwa, inafuka moshi. Fakihi akasema bismillahi, akamega tonge la kwanza.

Mzee mmoja akasema tumbo halimkai sawa. Wa pili akasema ameshiba tangu asubuhi. Nassibu akajipangusa vidole ambavyo havikuwa vimegusa kitu.

"Kula, Mzee Fakihi. Sisi tumeshiba."

Aliona aibu kuinuka, akala. Pilau ilikuwa nzuri, nyama imeiva, na alitamani kumwambia mtu hivyo. Alikula upande wake tu, akaziacha pande tatu kama zilivyoletwa.