Kanda ya Viporo

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa na kibanda cha kurekodi kanda pale Tunduma, jirani kabisa na mpaka. Nilimpelekea kanda yangu mwenyewe, kwa mikono yangu, na mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Kanda ile niliachiwa na muuguzi wa Ayalandi aliyefanya kazi kwenye hospitali ya misheni huko Mbozi, nilikokuwa nafua mashuka. Siku ya kuondoka alinieleza kwa Kiswahili chake cha kukwaruza: hawa ni vijana wa magitaa wa kwao, na hizi ni nyimbo zao zilizobaki, zile ambazo hazikuingia kwenye santuri. Dukani huzipati. Magitaa yenyewe yalinguruma kama lori lenye mzigo. Lakini wimbo mmoja ulinishika. Katikati mwimbaji anakosea maneno, anacheka, halafu anaanza upya. Mwaka ule nilikuwa nimefiwa na mume, na nyumbani kwangu hakuna aliyecheka isipokuwa yeye.

Kanda ilipoanza kukwama, nikamwomba shemeji anitolee nakala.

"Nyimbo gani hizi, shemeji?"

Nikamweleza.

"Kumbe viporo vya Wazungu!" Alicheka mpaka Wazambia waliokuja kununua rumba wakageuka kututazama.

Niliporudi, kanda ilikuwa imejaa rumba pande zote mbili. Muuguzi alikuwa amevunja vile vijino viwili vya plastiki vya mgongoni mwa kanda ili mtu asije akafuta. Shemeji aliziba matundu kwa karatasi ya biskuti, akafuta.

"Nakala haikutoka vizuri, nikaona nikuwekee muziki wa maana," akasema. "Viporo havichezeki, shemeji. Utanishukuru."

Nikamshukuru, maana dada alikuwa amesimama pale. Hasira nikaiweka kiporo.

Ilikaa miaka na haikuchacha. Binti yake alipochumbiwa na kijana wa wakulima wa kahawa wa Mbozi, shemeji alifanya sendofu ya kumuaga nyumbani kwake Chapwa, akanikabidhi redio kaseti nimrekodie hotuba. Nilikwenda na kanda mbili. Alipokuwa nyuma ya turubai akijiandaa, nikawasha mapema. Aliniona, akanihesabu kama kiti. Akakohoa, akatema mate, akamwita mpishi.

"Wali wa jana upo? Upasheni, mtie iliki, muwape wakwe. Watu wa shamba wale, watajua nini?"

Nikanasa yote. Kisha nikabadilisha kanda, nikarekodi na hotuba. Ilikuwa tamu kweli, wakwe wote aliwaita dhahabu yake.

"Vunja vijino, shemeji," akaniambia baadaye, "mtu asije akafuta."

Nikavunja vya kanda zote mbili.

Baada ya harusi wakwe walikuja kusalimia. Sebule ikajaa, chapati zikapangwa mezani, na shemeji akaniomba kanda ili wageni wasikie tena hotuba yake. Nikampa. Redio ikakohoa, ikatema mate, ikamwita mpishi. Baba wa bwana harusi aliisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chake chini, akaomba kofia yake. Chapati hazikuguswa.

Shemeji alinigeukia, jasho linamtoka.

"Hotuba yangu iko wapi?"

"Hotuba kila mtu aliisikia, shemeji. Hivi ni viporo."

Dada aliacha kuongea nami, na binti pia. Iliniuma, lakini siku ile nilirudi nyumbani nikitembea kama bibi harusi.

Kanda ya hotuba nilibaki nayo mimi. Niliziba matundu yake kwa karatasi ya biskuti, nikaimba juu yake ule wimbo wangu, kwa maneno niliyoyakumbuka na mengine ya kubuni. Nilipofika pale yule kijana anapokosea, nikakosea, nikacheka, nikaanza upya. Huwa naisikiliza. Kicheko kinachosikika ni cha mwanamke aliyekwisha kulipa kisasi, kikavu, kirefu mno. Cha yule kijana sijakisikia tena.